Kamba Zipitazo Juu ya Vilima vya Likasi

Safari tunayotaka kuwasimulia ilianza kwa picha. Jioni moja ya mwezi wa Julai 2025, shule zikiwa zimekwisha kufungwa, jirani yetu alituonyesha katika simu yake picha za Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska. Mji ule umejengwa juu ya vilima vingi, nyumba zimepandana kama ngazi, na juu ya mapaa imetandazwa kamba nene ya chuma kutoka mnara hata mnara. Katika kamba hiyo vimening'inia vijumba vidogo vyenye madirisha ya vioo, vya kuchukulia watu hewani, mbali na tope na msongamano wa motokari. Watoto wetu watatu waliikodolea macho picha ile hata simu ikazimika. Ndipo binti yetu mkubwa, mwenye miaka 11, alipouliza: "Baba, Likasi nayo ni mji wa vilima. Gari la kamba letu liko wapi?"

Mwalimu hapendi kumjibu mtoto "hakuna" na kunyamaza. Zaidi ya hayo, swali lile lilitukaa moyoni kuliko alivyodhani mwenyewe. Maana kwa kweli Likasi yetu imejaa kamba. Zapita juu ya barabara, zapita juu ya makaburi, zapanda vilima na kushuka. Lakini ni nani apandaye ndani yake? Tukawaahidi watoto kwamba siku ya sikukuu ya Bwana Yesu Kugeuka Sura, tarehe 6 Agosti, tutafunga safari sisi sote wa nyumbani, tukazitazame kamba za Likasi mpaka mahali zinapoanzia.

Kwa msomaji asiyeufahamu mji wetu, tuseme maneno machache. Likasi iko katika mkoa wa Haut-Katanga, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi kwa barabara iendayo Kolwezi, mahali pa juu pa kadiri ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Zamani za Wabelgiji iliitwa Jadotville, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa makampuni, ikarudishiwa jina lake mwaka 1966. Ina tarafa nne: Likasi yenyewe, Kikula, Panda na Shituru. Vilima vimeizunguka pande zote, vingine vya Mungu na vingine vya wanadamu, yaani marundo ya udongo uliotolewa mashimoni. Mgeni huona shida kuvipambanua. Mwezi wa Agosti nyasi zimeungua, vumbi jekundu limekaa juu ya majani ya miembe, na asubuhi baridi huuma hata watoto huota jua ukutani kama mijusi.

Kabla ya siku ya safari tuliwapa watoto somo dogo, maana safari bila maarifa ni kuchosha miguu. Tuliwaambia kwamba Afrika yetu ina kamba za namna hii tangu zamani. Watu wa Cape Town wanalo gari la kamba tangu tarehe 4 Oktoba 1929, nalo huwapandisha wageni hata kilele cha Table Mountain, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Yako magari mawili katika kazi ile: moja likishuka, lingine hupanda, na uzito wa lile lishukalo humsaidia mwenzake. Katika milima ya Usambara, huko Tanzania, Wajerumani walitandaza kamba kabla ya vita vya 1914, ili kushusha magogo kutoka msitu wa Shume mpaka Mkumbara penye reli. Na huko Gabon ilikuwako kamba ya urefu wa kilomita 76, kutoka Moanda mpaka Mbinda iliyo upande wa Kongo-Brazzaville. Kuanzia 1962 hata 1986 ilichukua ndoo za madini ya manganizi mchana na usiku, juu ya misitu na mito. Binti yetu alisikiliza yote, akahesabu kwa vidole, akasema: "Magogo, madini, na wageni wa Cape Town." Hatukuwa tumeyapanga maneno yetu hivyo, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Basi siku ikafika. Tulihudhuria Misa ya alfajiri, tukamsikia Mtume Petro akitaka kujenga vibanda vitatu mlimani, kisha tukapakia vitu katika motokari ya mizigo tuliyoazimwa na ndugu mmoja: unga, sufuria, maji, blanketi, na kikapu cha mama watoto ambacho haturuhusiwi kukifungua kabla ya saa sita. Mbele pamoja na dereva tulimkalisha nkambo wetu, mama wa mama yetu, aliyepita miaka 80. Hatukumwalika yeye, alijialika. Alisikia tunakwenda kutazama kamba, akasema, "Mimi nazijua kamba kuliko ninyi," akaenda kuvaa kitambaa chake cha sikukuu.

Kituo cha kwanza kilikuwa karibu sana: penye reli. Tuliwashusha watoto tukawaonyesha waya uliotandazwa juu ya njia ya garimoshi, umeshikwa na nguzo na vikombe vya kauri. Wengi wetu hupita chini yake kila siku bila kuinua macho. Lakini kipande cha reli kutoka mji huu mpaka Tenke kilianza kuendeshwa kwa umeme mwaka 1952, kwa umeme wa nguvu nyingi uleule wa viwandani, wakati ambapo nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zikiujaribu kwa reli zao. Injini ya namna hiyo haina makaa wala mafuta. Ina mkono wa chuma juu ya paa, na mkono ule husugua waya na kuvuta nguvu humo. Mwana wetu wa pili akapiga kelele, "Kumbe treni nayo yaning'inia!" Tukamwambia: yaning'inia kwa mkono mmoja, na miguu iko chini. Siku hizi waya ule una adui wengi, kwa kuwa ni wa shaba, na shaba ina wanunuzi. Mahali ulipoibwa, injini ya umeme ni chuma bure mpaka ivutwe na ndugu yake wa mafuta.

Nkambo hakushuka. Alikaa ndani ya motokari, uso ameugeuzia upande wa pili wa kituo. Sisi wenyewe tulijua sababu, na wasomaji wa Katanga wanaijua. Katika miaka ya 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi, na maelfu wakalala penye kituo wiki nyingi, wengine miezi, pamoja na watoto na wazee, wakingoja treni za kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakuwa wameiona. Wengine walikufa palepale wakingoja. Nkambo alikuwa na shoga yake miongoni mwao, jirani wa miaka mingi, waliyebatizishiana watoto. Watoto wetu hatukuwaambia yote siku ile ya sikukuu. Tuliwaambia tu kwamba hapa watu walilia, nao wakafanya ishara ya msalaba bila kuuliza zaidi.

Tulipotoka mjini tukashika barabara ya vumbi upande wa mashariki. Hapo tulizikuta kamba tulizokuwa tukizitafuta, maana waya za umeme mkubwa zinakuja kutoka upande ule, juu ya nguzo za chuma zilizopanua miguu kama watu wachezao ngoma. Tukafuatana nazo. Mara zilikuwa kuume, mara kushoto, mara zimeruka bonde wakati sisi tunalizunguka. Watu wa makala walikuja wakielekea mjini, wanasukuma kinga zao zilizobebeshwa magunia manne au matano, jasho linawatoka katika baridi ile. Kila tulipowapita mama watoto aliwasalimu, nao waliitika kwa kichwa tu, kwa kuwa pumzi ilikuwa na kazi nyingine.

Tairi lilitoboka mbele ya kijiji kimoja kidogo. Wakati dereva akilitengeneza, mama mmoja alituletea viti na maji ya kunywa, kama ilivyo desturi ya watu wetu. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi na nyasi, safi, ua umefagiliwa. Mita kama hamsini nyuma yake ilisimama nguzo mojawapo, na waya zilipita karibu juu ya choo chake. Binti yetu alitazama waya, akatazama ndani ya nyumba, akatazama tena waya. Kisha akauliza kwa adabu: "Mama, taa yenu iko wapi?"

Yule mama akacheka. "Taa yetu ni jua, mwanangu. Huo wa juu unatupita. Sisi tunausikia tu wakati wa mvua, unalia kama nyuki."

Binti yetu akageuka kwetu. "Baba, si washushe waya mmoja tu?"

Ilitupasa kumweleza ukweli wa kazi hiyo. Umeme upitao katika waya zile umepandishwa nguvu sana ili usipotee njiani. Kuuingiza nyumbani kama ulivyo ni kuichoma nyumba pamoja na wenyewe. Lazima kwanza ushushwe katika mashine iitwayo transfoma, na mashine hiyo ni ya bei kubwa, na baada yake zahitajika nguzo ndogo, waya ndogo, mita na fundi wa kuvitunza. Kwa hiyo anayejenga njia ya umeme huona faida kumpelekea mwenye kiwanda kimoja kuliko wenye nyumba arobaini. Tulipomaliza tulijiona tumeeleza vizuri. Yule mama naye alisikiliza kwa makini, akasema, "Ahsante, mwalimu, hayo hatujapata kuelezwa." Lakini mtoto alibaki akitazama nguzo. Alisema polepole kwamba katika gari la kamba angalau kuna vituo.

Mama watoto aliacha kwa yule mama nusu ya mishumaa tuliyokuwa nayo. Yeye akatupa mihogo mikubwa minne, tukaona aibu kidogo, maana mishumaa ilikuwa midogo.

Yapata saa tano tuliona maji. Ziwa Tshangalele linang'aa kati ya nyasi na mafunjo, limejaa ndege, na mitumbwi ya wavuvi imetawanyika juu yake kama majani. Asiyejua hudhani ni ziwa la tangu kuumbwa dunia. La, limefanywa na watu: ni mto Lufira uliozuiwa kwa boma miaka ya 1920, maji yakatanda juu ya nchi tambarare. Wavuvi wake huwalisha Likasi na Lubumbashi, na samaki wa Kapolowe wana sifa sokoni. Mwaka 1982 bonde la Lufira liliwekwa na UNESCO katika hesabu ya nchi zinazopaswa kuhifadhiwa kwa viumbe vyake. Tulinunua samaki kwa mvuvi mmoja kijana, na nkambo alipunguza bei mpaka sisi wengine tukatazama pembeni.

Mwisho wa ziwa ndipo Mwadingusha. Hapa Lufira ilikuwa ikianguka kutoka juu, na Wazungu wakayaita maporomoko hayo kwa jina la Jules Cornet, mjuzi wa mawe wa Ubelgiji aliyeichunguza Katanga mwishoni mwa karne ya 19. Tulisimama mahali wageni wanaporuhusiwa kusimama. Watoto walitazamia ngurumo na moshi wa maji kama walivyosoma habari za Victoria Falls, nao wakaona mwamba mkubwa mweusi na uzi wa maji. Mwana wetu wa pili nusura alie. "Maporomoko yamekwenda wapi?"

Yamo ndani ya mabomba, tulimwambia. Wakati wa kiangazi karibu maji yote huingizwa katika mabomba makubwa ya chuma, nayo hushuka ubavuni mwa mlima zaidi ya mita 100. Huko chini yanaizungusha mitambo sita, na mitambo huzaa umeme. Kituo hiki kilianza kazi mwaka 1930. Mwaka mmoja kabla yake, 1929, kiwanda cha Shituru kilikuwa kimeanza kutengeneza shaba kwa njia mpya: madini huyeyushwa katika maji makali ya asidi, umeme hupitishwa humo, na shaba safi hujibandika yenyewe juu ya bamba, siku kwa siku, kama ukoko wa bukari unavyojishika sufuriani. Kazi hiyo hula umeme mwingi. Ndiyo sababu Lufira ilitiwa mabombani, na ndiyo sababu waya zilitandazwa kwenda Likasi. Baadaye, mwaka 1950, kituo cha pili kikajengwa Koni, chini kidogo katika mto uleule, ili maji yafanye kazi mara mbili kabla ya kuachiliwa. Mitambo ya Mwadingusha ilizeeka sana, ikafanywa upya na kukamilika mwaka 2021 kwa mapatano na wenye machimbo ya Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, wanaopata umeme kwa ajili ya shaba yao.

Binti yetu alikuwa akifuatisha kwa kidole, kutoka mabomba hata nguzo ya kwanza juu ya ukingo, na kutoka nguzo ile hata ya pili. Kisha akasema neno ambalo tuliliandika palepale: "Ni kama magari mawili ya Cape Town. Maji yanashuka, na kitu kingine kinapanda." Tuliona fahari ya mwalimu na ya baba pamoja, na dhambi hiyo tumekwisha kuiungama.

Kikapu kilifunguliwa saa sita kamili. Chini ya mti tulisonga bukari, tukachoma samaki, na mama watoto akatoa sombe aliyoipika usiku na chupa ya munkoyo. Tulipokwisha kushiba, kitinda mimba alimpandia nkambo mapajani akamkumbusha: "Nkambo, ulisema unazijua kamba."

Nkambo alikaa kimya kidogo, anafuta mikono. Kisha akaanza, na tunaandika hapa kama alivyosema, isipokuwa tumenyosha lugha.

"Nkambo wenu mwanaume, ambaye hamkumwona, alikuwa akipanda gari la kamba kila siku ya kazi. Lakini lake halikuwa na vioo, wala halikwenda juu. Lilikuwa kizimba cha chuma. Huko Shinkolobwe waliingia wanaume wengi wamesimama, bega kwa bega, mlango ukafungwa, kengele ikalia, na ile kamba ikaanza kuwaachilia ndani ya ardhi. Aliniambia kwamba mara ya kwanza moyo ulibaki juu, mwili ukashuka peke yake. Mfukoni alikuwa na rozari. Alisema kizimba kilishuka kwa muda wa Salamu Maria chache tu, lakini kupanda jioni kulikuwa kurefu kuliko litania ya watakatifu wote. Mimi nilikuwa msichana niliyeolewa juzi. Kila jioni nilitwanga nikiwa nimeelekea njia, nikimwona ndipo nachemsha maji. Siku moja kamba ilikwama. Hakuna aliyekufa. Walikaa gizani katikati, hawako juu hawako chini, mpaka mafundi wakatengeneza. Alipofika nyumbani maji yalikuwa yamekauka sufuriani na mimi sikuona. Tangu siku ile aliniambia, 'Kamba si kitu cha kuaminiwa. Aminia aliyeishika kule juu.' Sikujua kama anasema Mungu au fundi."

Watoto walicheka kwa neno hilo la mwisho, naye nkambo akacheka nao. Lakini sisi tulikuwa tukikumbuka tarehe ya siku ile. Kutoka kilima kile cha Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitoka sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu yao ya kwanza. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za jiwe lile zilikuwa zimekwisha kupelekwa New York. Tarehe 6 Agosti 1945, siku ambayo Kanisa lilikuwa likisoma habari za uso wa Bwana ung'aao kama jua, bomu liliangushwa juu ya Hiroshima. Siku tatu baadaye lingine liliangukia Nagasaki, si mbali na kanisa kuu la Urakami, likaua maelfu ya Wakatoliki waliotoka katika ukoo wa Wakristo waliotunza imani yao kwa siri zaidi ya miaka 200. Sisi tulikuwa chini ya mti, tumeshiba samaki, miaka 80 kamili baada ya siku ile.

Nkambo mwanaume alikuwa bado hajaanza kazi wakati wa mambo hayo. Aliingia shimoni miaka ya 1950, na mwaka 1960 mashimo yalizibwa. Habari za bomu alizisikia kwa padre, akiwa amekwisha kuhamia kazi nyingine Panda. Nkambo anasema hakujibu kitu. Alikwenda kuketi nje, na tangu hapo kila tarehe 6 Agosti alikuwa akitoa sadaka ya Misa, bila kueleza ni kwa ajili ya nani. Kumbe ndiyo maana asubuhi ile yeye naye alikuwa na bahasha mkononi. Sisi, tuliokaa seminari miaka sita na kujifunza kalenda ya watakatifu kwa moyo, hatukuwa tumeunganisha tarehe hizo mbili mpaka bibi asiyejua kusoma alipotuunganishia.

Tulirudi jua likiwa limeinama. Njiani, ili kuwazuia watoto wasilale, tuliwaeleza juu ya kamba nyingine iliyo ndefu kuliko zote za nchi yetu: njia ya umeme kutoka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi. Ilikamilika mwaka 1982, nayo ina urefu wa kilomita kama 1,700. Inapita juu ya Bandundu, juu ya Kasai, juu ya vijiji visivyo na idadi, na kwa jinsi ilivyotengenezwa haishuki mahali popote kati ya mwanzo na mwisho wake. Umeme wake ni wa namna ambayo transfoma ya kawaida haiwezi kuupunguza, wahitaji nyumba nzima ya mitambo. Binti yetu aliuliza, "Kilomita 1,700 bila kituo hata kimoja?" Tukasema ndiyo. Akasema gari la kamba la namna hiyo yeye hawezi kulipanda, maana mtu akitaka kwenda haja atafanyaje? Nkambo, ambaye tulidhani amesinzia, alicheka mpaka dereva akapunguza mwendo.

Tulipopita kile kijiji cha mihogo ilikuwa giza. Mlangoni mwa yule mama uliwaka mshumaa mmoja, na karibu nao alipiga magoti mtoto wa kiume, kitabu kiko chini. Hatukusimama, kwa kuwa usiku barabara ile si nzuri, tulipiga honi tu. Mkono ukapungwa. Mjini kwetu, mtaa mmoja ulikuwa na taa na mtaa wa pili hauna, kama ubao wa dama, na wetu ulikuwa ule usio na taa. Mama watoto aliwasha mshumaa katika ile nusu iliyosalia.

Usiku uleule binti alifungua daftari. Alichora kamba kutoka Likasi mpaka Mwadingusha juu ya vilima, na vijumba vyenye madirisha, na katika kila kijiji akaweka kituo na ngazi. Picha ile tuliibandika ukutani. Katika mwezi wa Septemba habari zikafika kwamba vijana wa Antananarivo wameandamana kwa hasira ya kukatikiwa maji na umeme kila siku, na katika machafuko hayo vituo vya gari la kamba vimechomwa moto. Tulimwonyesha habari ile, maana ndiye aliyeanza. Hakusema neno. Aliishusha picha ukutani, akachukua kalamu, na chini ya kila kituo akaongeza bomba la maji na taa.

Nkambo aliletewa daftari aitazame. Akaifuata kamba kwa kidole chake kilichopinda, kituo kwa kituo, akiuliza majina. Kule ukingoni, mbali na njia yetu, alikuta kamba ndogo imechepuka peke yake hata kilima kimoja.

"Na hapa ni wapi?"

"Shinkolobwe, nkambo. Ili tushuke, utuonyeshe mahali nkambo mwanaume alipofanya kazi."

Pale hapaingiliki sasa. Watu walirudi kuchimba kwa mikono, na mwaka 2004, baada ya serikali kupakataza, ardhi ikabomoka ikaua. Lakini nkambo hakutaja hayo. Alisema tu, "Hapo lisisimame, mwanangu. Lipite."

Binti akatafuta kifutio, akakifuta kituo. Kilima akakiacha.